Kimbunga Yolanda, Ufilipino 2013: Walionywa juu ya upepo, wakauawa na bahari

Mleta uzi

Wanajamvi, nawasalimu nyote.

Kila inapotangazwa kwamba kimbunga kimezaliwa katika Bahari ya Hindi, mazungumzo yetu huanzia na kuishia kwenye upepo: utavuma kwa kasi gani, utaezua mapaa wapi, utafika saa ngapi. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya yaliyotokea katika visiwa vya Leyte na Samar, nchini Ufilipino, asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2013. Huko watu walipata onyo mapema, wakafunga madirisha, wakayakaza mapaa kwa kamba, na wengine wakahamia kwenye majengo waliyoelekezwa na viongozi wao, na bado walikufa kwa maelfu, kwa kuwa neno lililotumika kuwaeleza hatari yenyewe halikuwaingia. Ni uzi mrefu, naomba mnivumilie.

Kimbunga hicho kilianza siku za mwanzo za Novemba upande wa Mikronesia, juu ya maji ya Pasifiki yenye joto jingi. Kimataifa kiliitwa Haiyan. Wafilipino, ambao idara yao ya hali ya hewa, PAGASA, huvipa vimbunga majina yake yenyewe, walikiita Yolanda, nami nitalitumia jina hilo kwa sababu ndilo walilonalo wafiwa. Njiani kilikipiga kisiwa kidogo cha Kayangel katika nchi ya Palau na kuharibu karibu kila nyumba. Saa kumi na dakika 40 alfajiri ya tarehe 8 kilitua Guiuan, kusini mwa Samar Mashariki, na ilipofika saa moja hivi asubuhi kilikuwa kimekwisha kuvuka Ghuba ya Leyte na kutua tena Tolosa. Kabla ya siku kwisha kilikuwa kimepiga kaskazini ya Cebu, kisiwa cha Bantayan, Iloilo na visiwa vya kaskazini mwa Palawan. Wamarekani walikadiria kasi ya upepo kuwa kilomita 315 kwa saa, Wajapani 230. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kupima, kwani hao wa kwanza huchukua wastani wa dakika moja na hawa wastani wa dakika 10. Kwa vyovyote vile, ni miongoni mwa vimbunga vyenye nguvu zaidi vilivyowahi kufika nchi kavu tangu watu waanze kuvipima.

Lakini upepo si kisa chenyewe, na hapa naomba tutulie kidogo.

Kimbunga huipandisha bahari kwa njia mbili. Ya kwanza ni mgandamizo wa hewa. Katikati ya kimbunga mgandamizo hushuka, maji hayakandamizwi kama siku zote, nayo hunyanyuka kwa kiasi cha sentimita moja kwa kila hektopaskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayopungua. Yolanda ilipokuwa kwenye kilele chake ilikadiriwa kuwa na hektopaskali 895, ilhali siku ya kawaida huwa 1,010 hivi. Hesabu hiyo peke yake inatoa zaidi ya mita moja. Njia ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo ni upepo unaoyasukuma maji mbele yake kwa muda mrefu. Penye kilindi, maji yanayosukumwa hupata nafasi ya kushuka na kurudi nyuma kwa chini. Penye kina kifupi hayana pa kwenda ila juu na mbele, yaani juu ya nchi kavu.

Sasa itazameni ramani. Mji wa Tacloban umekaa kwenye Ghuba ya San Pedro, ambayo ni ncha ya kaskazini-magharibi ya Ghuba ya Leyte. Ghuba hiyo ina kina kifupi, na kadiri unavyokwenda kaskazini inazidi kubana hadi kuingia kwenye mlango-bahari mwembamba wa San Juanico, unaoitenga Leyte na Samar. Maji yakisukumwa humo ni kama kumiminiwa kwenye faneli. Jicho la kimbunga lilipita kusini ya mji, na kwa kuwa kaskazini mwa Ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwanza ulivuma ukitokea kaskazini na kuyatoa maji ghubani, hata ufukwe ukaonekana umekupwa kupita desturi. Kisha jicho liliposogea magharibi upepo uligeuka ukavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, ukayarudisha yale yaliyotoka pamoja na mengine mengi zaidi. Mitaa ya pwani ilipandiwa na maji ya mita tano hadi sita, yenye mbao, mabati, magari na hata meli. Meli za mizigo zilitupwa juu ya makazi ya watu katika mtaa wa Anibong, na omo (sehemu ya mbele) ya mojawapo, MV Eva Jocelyn, imeachwa palepale iwe ukumbusho.

Wataalamu walikuwa wameliona jambo hili. Jioni ya tarehe 7 Rais Benigno Aquino alilihutubia taifa kwa televisheni na kutaja mawimbi ya mita tano hadi sita, na matangazo ya hali ya hewa yalitaja kile ambacho Waingereza hukiita "storm surge", yaani huko kupanda kwa bahari kunakosababishwa na kimbunga. Neno hilo lilisomwa redioni kwa Kiingereza kwa watu wanaozungumza Kiwaray, watu ambao wameishi na vimbunga tangu mababu na wanajua kila namna ya upepo. Walisikia "storm", wakaelewa dhoruba, na dhoruba walikuwa wanaijua. Walionusurika wengi walisema baadaye kwamba wangeambiwa "tsunami" wangekimbilia milimani, kwa kuwa neno la tsunami walikuwa wameona maana yake kwenye televisheni tangu mwaka 2004. Mzazi alibaki nyumbani kulinda mali, akawapeleka watoto tu kwenye hifadhi. Mwingine alihama nyumba ya mbao akaingia nyumba ya matofali ya jirani, ambayo ilihimili upepo vizuri kabisa, ikajaa maji hadi darini. Ukumbi mkubwa wa mikutano wa Tacloban, ambao wenyeji huuita Astrodome, ulikuwa kituo cha kuhifadhia watu, nao uko karibu na bahari: waliopanda kwenye ngazi za watazamaji walipona, wakati chini yao maji yalikuwa yameingia.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba jambo hilo lilikuwa limewahi kutokea palepale. Oktoba 1897 kimbunga kilipiga Samar na Leyte, bahari ikaingia Tacloban na kuua watu wengi, na padri Mjesuiti José Algué, aliyefanya kazi kwenye kituo cha uchunguzi wa hali ya hewa cha Manila, aliandika taarifa ndefu juu yake. Taarifa ilihifadhiwa maktabani miaka 116 bila kuingia katika masimulizi ya nyumbani.

Hesabu ya serikali ilifungwa kwa watu 6,300 waliokufa, 1,062 ambao hawakuonekana tena, na zaidi ya 28,000 waliojeruhiwa. Watu wapatao milioni nne walihama makwao, na nyumba zaidi ya milioni moja ziliharibika au kubomoka kabisa. Wengi wa waliokufa walikuwa Leyte, na wengi wa hao walikufa maji.

Nakaribisha michango.

Mchangiaji kutoka Mafia

Heshima kwako mkuu. Mimi ni mvuvi, na nimeusoma uzi huu nikikumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinatujia. Tulipandisha vyombo juu ya diko, tukavifunga kwenye minazi, tukaingia majumbani. Vikao vyote tulivyokaa vilizungumzia upepo na safari za vyombo kusitishwa. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza kama maji yatapanda, na kama yatapanda, yatafika nyumba ya nani. Sisi tunajua maji kujaa na kupwa, tunajua bamvua na maji mafu, lakini hilo unalolieleza wewe halimo katika hesabu zetu. Naomba kuuliza: katika visiwa vidogo visivyo na mlima, ambako hakuna pa kupanda, watu wa huko walifanya nini? Na je, mwamba wa nje hauzuii?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mafia, nashukuru sana, maana umeuliza maswali mawili ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nianze na mwamba. Katika pwani ya Samar Mashariki inayotazama Pasifiki kuna mji uitwao Hernani, ambao mbele yake umetandazwa mwamba mpana wa matumbawe. Kwa desturi mwamba wa namna hiyo huvunja mawimbi. Siku ile mawimbi makubwa yalikuja kwa makundi, yakavunjika ukingoni mwa mwamba, na mapigo ya makundi hayo yakakusanya maji juu ya mwamba hadi yakatoka kama ukuta mmoja unaokwenda kasi, ukazibeba nyumba kutoka kwenye misingi yake. Ipo video yake, iliyopigwa kutoka ghorofani, na wahandisi wa pwani wameichunguza kwa makini. Kwa hiyo mwamba ni kinga siku nyingi, lakini si siku zote, na sisemi hivyo ili mtu aache kuutunza.

Kuhusu visiwa vidogo, kipo kisiwa kimoja ambacho ningependa kila mtu wa Mafia, Songo Songo, Tumbatu na Lamu akijue. Kinaitwa Tulang Diyot, ni kidogo sana, katika visiwa vya Camotes mkoani Cebu, chini ya manispaa ya San Francisco. Waliishi humo watu wapatao 1,000. Siku moja kabla ya Yolanda walivushwa wote, kila mmoja, wakapelekwa kisiwa kikubwa. Kimbunga kilipopita, hakikuacha nyumba hata moja imesimama Tulang Diyot. Hakufa mtu.

Hili halikutokea kwa bahati. Manispaa ile ilikuwa imejipanga kwa kile wanachokiita purok, kikundi kidogo cha majirani chenye kiongozi wake, ambacho kinakaribiana sana na balozi wetu wa nyumba kumi. Kila purok iliwajua wakazi wake kwa majina: nani ni mzee asiyeweza kutembea, nani amejifungua, nani ana mashua. Walikuwa wamezoea kukutana kwa mambo ya kila siku, kuanzia takataka hadi michango ya dharura, na Umoja wa Mataifa uliutunuku utaratibu huo mwaka 2011, miaka miwili kabla ya kimbunga. Kwa hiyo ilipotolewa amri ya kuondoka, aliyeitoa hakuwa sauti ya redioni, alikuwa jirani anayeaminika aliyesimama mlangoni na kusema, "Mama, tunakwenda sasa hivi, mashua ni ile."

Tena Wafilipino wenyewe walijifunza haraka. Desemba 2014, mwaka mmoja tu baadaye, kimbunga Hagupit, ambacho wao walikiita Ruby, kilipiga Samar Mashariki. Safari hiyo watu zaidi ya milioni moja walihamishwa, na onyo lilieleza kwa lugha nyepesi maji yatapanda kiasi gani. Ruby ilikuwa na nguvu pungufu kuliko Yolanda, hilo lazima lisemwe, lakini idadi ya waliokufa haikukaribia hata kidogo ile ya mwaka uliotangulia.

Mchangiaji aliyeko Ghuba

Wakuu, naomba niongeze kipande changu. Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi hotelini katika mojawapo ya nchi za Kiarabu za Ghuba, na katika bweni letu Waswahili na Wafilipino tulichangia jiko. Dada mmoja wa jikoni alikuwa mtu wa Samar. Kuanzia Ijumaa ile simu yake haikuita nyumbani, kwa kuwa minara ilikuwa imeanguka yote. Alikwenda kazini kila siku, akakata vitunguu, akarudi, akakaa ngazini na simu mkononi. Siku ya tano au ya sita, mtu aliyefika mji mwingine wenye mtandao alimtumia ujumbe mfupi kwamba mama yu hai na nyumba haipo. Sisi tuliokuwa pale hatukuwa na neno la kumwambia zaidi ya pole, tukachanga kidogo. Mwezi uliofuata alituma mshahara wote nyumbani, na uliofuata pia. Nimeona watu wakiandika juu ya misaada ya mataifa, na ni kweli ilikuja, lakini naomba ikumbukwe kwamba nyumba nyingi kule zilirudishiwa paa na mishahara ya mayaya, wauguzi na mabaharia walio mbali.

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu. Umenirudisha kwenye jambo nililoogopa kulipita haraka, yaani maisha baada ya maiti kuzikwa.

Siku za mwanzo zilikuwa za njaa na kiu. Uwanja wa ndege wa Tacloban uko kwenye rasi, nao uliharibiwa na maji. Barabara zilizibwa na vifusi. Polisi na wauguzi wa mji wenyewe walikuwa wafiwa. Tarehe 12 Novemba umati ulivamia ghala la mchele huko Alangalang, ukuta ukaanguka ukaua watu wanane. Baadaye taasisi ya Kibuddha ya Tzu Chi kutoka Taiwan ikaanza kuwalipa wakazi wa Tacloban peso 500 kwa siku ili wasafishe mitaa yao wenyewe, na katika yote niliyoyasoma juu ya misaada ile, hilo limenigusa kuliko mahema na maboksi, kwa kuwa lilimpa mtu kazi ya mikono yake katika wiki ambayo hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Riziki ilikuwa na vidonda vyake. Wakulima wa Leyte na Samar ni watu wa minazi, wanauza mbata kama walivyouza babu zetu wa Mafia na Pemba. Minazi ipatayo milioni 33 iliangushwa au kuharibiwa. Anayejua mnazi anajua kwamba ukipandwa leo utasubiriwa miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri, na katika miaka hiyo mkulima hana cha kuangua. Zanzibar inalijua jambo hili kwa historia yake yenyewe: kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha Pemba bila madhara makubwa, na kitovu cha karafuu kikahamia Pemba hadi leo.

Wavuvi walipoteza vyombo vipatavyo 30,000. Chombo chao cha kawaida huitwa bangka, chenye mirengu (magogo ya kando yanayokizuia kupinduka) pande zote mbili, na mtu wa pwani yetu akikiona ataita ngalawa bila kufundishwa. Hakosei, maana ufundi wa mirengu ulikuja kwetu kwa kuvuka bahari pamoja na mabaharia wa visiwa vya Asia, waliofika hadi Bukini (Madagaska).

Kisha likaja suala la makazi. Serikali ilitangaza kwamba mita 40 kutoka ufukweni ni eneo lisilofaa kujengwa nyumba, na familia za wavuvi zikahamishiwa mitaa mipya kaskazini mwa Tacloban. Nyumba ni za tofali na ziko salama na mawimbi. Lakini ziko mbali na bahari, maji ya bomba yalichelewa kufika, na nauli ya kwenda mjini ilikula mapato ya siku. Baba akawa analala ufukweni kwenye kibanda juma zima ili avue, na familia ikabaki kule kwenye mtaa mpya. Wengine walirudi kabisa. Siwezi kumlaumu aliyetaka kuwaondoa watu mahali palipoua maelfu, wala siwezi kumlaumu mvuvi aliyerudi penye samaki. Ninachosema ni kwamba mvuvi alipaswa kuulizwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Mchangiaji mwingine

Mleta uzi, nakubaliana na mengi, ila nina shaka na mkazo wako juu ya neno. Masikini wa Tacloban walikuwa wanaishi kwenye vibanda juu ya maji kwa sababu hawakuwa na ardhi nyingine. Hata wangeelewa neno, wangekwenda wapi, na nani angelinda kidogo walichonacho? Nadhani umasikini uliua kuliko msamiati.

Mleta uzi

Hoja yako ni nzito na sitaki kuipunguza. Ni kweli kabisa kwamba waliokaa karibu na maji walikaa hapo kwa kukosa ardhi. Lakini Tulang Diyot nao walikuwa wavuvi masikini, na walipona wote. Tofauti ilikuwa kwamba waliielewa hatari kabla haijafika, na walikuwa na mtu wa kuwavusha. Masikini hawezi kununua kiwanja mlimani kwa siku moja, lakini anaweza kutembea kilomita mbili kwa siku moja akijua kwa hakika kwamba bahari itapita juu ya paa lake. Na ndiyo maana narudi kwa ndugu wa Mafia: sisi nasi hatuna neno lililozoeleka. Tunasema kimbunga, tunasema mawimbi makubwa, tunasema gharika, na hakuna hata moja linalomwambia bibi wa Ibo kule Msumbiji, wa Ngazidja kule Komoro au wa Kilindoni kwenu Mafia kwamba bahari itafura na kupanda nchi kavu. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilipita jirani na Ngazidja na kuivunjavunja Ibo. Mimi napendekeza tuseme "bahari kufura", na itajwe kwa vipimo anavyovijua mtu: itafika msikitini, itafika kwenye mbuyu, itapita dari.

Mchangiaji kutoka Mafia

Nimeelewa, na "bahari kufura" nitaipeleka kwa wenzangu wa dikoni. Swali la mwisho: wale 1,062 ambao hawakuonekana, jamaa zao walifanyaje?

Mleta uzi

Ndugu yangu, wengi wao huenda wamelala kwenye makaburi ya pamoja, maana maiti zilikuwa nyingi na joto lilikuwa kali, na wengi walizikwa kabla ya kutambuliwa. Kubwa kuliko yote liko Basper, pembezoni mwa Tacloban, walikozikwa watu zaidi ya 2,000. Pamepandwa misalaba meupe kwa safu, mingi haina jina. Kila Novemba familia huja na mishumaa, maua na chakula, na asiyejua mtu wake amelala wapi huchagua msalaba mmoja, huandika juu yake jina la mama yake au la watoto wake, na mwaka unaofuata hurudi kwenye msalaba uleule.